Zamu ya Obuya

Mwaka huu binti yangu alianguka na baiskeli ya jirani akavunjika mkono. Hospitalini, muuguzi alipoloweka bandeji za plasta kwenye beseni la maji ya vuguvugu, harufu yake ilinipanda puani, harufu ya chokaa mbichi na kitambaa kilicholowa, nikashindwa kujibu swali aliloniuliza. Akarudia: "Mama, mtoto ana shida na dawa yoyote?" Nikasema hapana. Mawazo yangu hayakuwa pale. Yalikuwa Uriri, sebuleni kwetu, nikiwa nimeketi kwenye sakafu ya simenti karibu na mguu wa baba.

Mguu huo ulikuwa umewekwa juu ya stuli, mweupe kuanzia wayo hadi katikati ya paja, na vidole vikichungulia mwishoni kama vya mtu mwingine. Baba alikuwa mchimba dhahabu kule Masara. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, akalala sana, akala sana, baada ya siku mbili tatu akarudi. Nilimjua jinsi unavyomjua mgeni unayempenda. Kisha, shule zilipofungwa tu, akaletwa na pikapu, watu wawili wakamshusha na kumwingiza ndani wakiwa wamemshika makwapani. Mama aliniambia, "Baba ameanguka kazini. Usimsumbue na maswali." Nilikuwa na miaka tisa, na maelezo hayo yalinitosha. Mtu akianguka hufungwa plasta, halafu hupona.

Mama aliuza nguo za watoto za mitumba, leo soko hili kesho lile, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki naye. Kazi yangu ilikuwa kumpa maji, kumsogezea magongo na kumkuna ndani ya plasta kwa kijiti cha mwavuli uliovunjika. Hakuwa mkali. Hakuwa chochote. Redio alizima kabla habari hazijaisha. Chai ilipoa mkononi mwake. Aliweza kuutazama ukuta tangu mama anatoka hadi kivuli cha dirisha kinafika kwenye kabati, nami nikautazama ukuta huohuo nikitafuta anachokiona.

Nadhani mama ndiye aliyemwambia mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa simu mjini Migori, kijana mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo ambayo alifungulia vifuniko vya simu. Alikuja Jumamosi moja na kimashine cheusi cha gemu, cha kushika kwa mikono miwili. Mwenye nacho alikuwa amekileta kwake kutengenezwa na hakurudi tena. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

"Shemeji, pitisha nayo siku," mjomba akamwambia baba.

"Mimi? Vidole hivi?" Baba akamwonyesha mikono yake, iliyokuwa na sugu kama kisigino.

"Hii haina haraka. Si kama zile za magari. Hii ni ya zamu. Ukicheza wewe, adui anangoja. Unaweza kwenda msalani, ukarudi, bado amesimama palepale."

Baba akacheka kidogo kwa pua. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aletwe.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka gemu tulizokulia. Mpira, magari, na kufyatua risasi ukiwa umekenua meno, huku mwenye mashine anahesabu dakika zako. Hii yetu haikuwa hivyo kabisa. Uwanja wake uligawanywa vyumba vyumba kama daftari la hesabu. Upande mmoja wamesimama maroboti wako, upande wa pili maroboti wa adui. Unamchagua mmoja, unaonyeshwa vyumba anavyoweza kufika, unampeleka, unamchagulia silaha. Kabla hajapiga, mashine inakupa namba: uwezekano wake wa kupata shabaha na uwezekano wa yeye kupigwa. Ukikubali, uwanja unatoweka na unaonyeshwa tukio lenyewe, roboti anaruka, anachomoa upanga unaowaka, anapiga kelele kwa Kijapani, na adui anapasuka rangi zote. Kisha uwanja unarudi, kimya, unakungoja.

Mjomba alitueleza kwamba maroboti wale hawakuwa wa katuni moja. Kila mmoja alikuwa na katuni yake, hadithi yake na maadui zake mwenyewe. Watengenezaji wa gemu waliwakusanya wote wakawapandisha meli moja ya angani. Mmoja nilikuwa nimewahi kumwona kwenye televisheni ya kinyozi, na nilishtuka kumkuta huku, kama vile unavyomkuta mwalimu wako sokoni ananunua nyanya.

Majina hatukuweza kuyasoma, basi baba akawapa yake. Yule mwekundu mwenye pembe, asiyesubiri mtu, akawa Chacha. Lile jitu zito la buluu, linalotembea vyumba vitatu tu kwa zamu lakini likipiga halirudii, likawa Masanja. Mwenye bunduki ndefu akawa Mwita. Na mdogo mmoja wa kijani, asiye na silaha ya maana, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama karibu na aliyeumia na kumtengeneza, akawa Obuya. Yalikuwa majina ya watu aliochimba nao. Sikuwahi kuwaona, lakini nilikuwa nimeyasikia baba akimhadithia mama mambo ya kazini.

"Hawa wakikutana wanaongea lugha gani?" nikamuuliza.

"Kiswahili," baba akasema bila kufikiri. "Kila mtu ametoka kwao. Chacha na Mwita ni Wakuria, Masanja ametoka Geita, mimi na Obuya Wajaluo. Huko shimoni kila mtu akianza na lugha ya mama yake, mtauana. Mtu akisema 'mawe!' lazima wote wasikie mara moja. Kwa hivyo ni Kiswahili."

Tukawachezesha kwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Dholuo, lakini gemu ikianza baba alibadilika sauti. "Haya Masanja, songa mbele, usilale. Chacha, wewe ngoja, nani amekutuma huko?" Sura za waendeshaji zilipotokea kwenye kioo, macho makubwa na nywele za zambarau, tulisomeana maneno yao kama tunayaelewa. Yule msichana wa nywele fupi alimdai Mwita sufuria. Nahodha wa meli alikuwa mume wa dada yake Masanja na hawakuelewana tangu harusi. Nilikuja kusikia kwamba gemu zile zina hadithi ndefu, za vita na usaliti. Sijaitafuta. Yetu ilinitosha.

Baba alicheza taratibu kupita kiasi. Aliweza kukaa juu ya chumba kimoja muda wote wa kuchemsha mahindi. "Asilimia thelathini na mbili," alinisomea. "Maana yake nini? Akipiga mara mia, anapata thelathini na mbili. Sasa sisi tuna mara moja. Hapana, mwache adui aje mwenyewe." Ndivyo nilivyojifunza asilimia kabla ya kufundishwa darasani. Namba hizo alizipenda kuliko mapigano yenyewe. Siku moja alisema, macho yakiwa kwenye kioo, "Ingekuwa unaonyeshwa hivi kabla ya kushuka." Nilidhani anazungumzia ngazi fulani.

Betri tuliipeleka kuchajiwa kwa kinyozi mwenye sola, na saa zile za kungoja baba aliuliza mara mbili kama imejaa. Alianza kumaliza chai yake. Alianza kuniuliza mambo ya shule. Mama alirudi sokoni akatukuta tumeinamia kioo, akasema, "Wawili hawa wamepata kazi," nami nilijisikia mtu muhimu.

Jambo moja tu lilinikera. Obuya hakuwahi kuruhusiwa kwenda mbele. Kila zamu baba alimweka kwenye chumba kilichogusana na meli, nyuma ya wengine wote. Aliyeumia ilibidi arudi mpaka kwake ndipo atengenezwe, na mara nyingine tulishindwa vita kwa sababu ya safari hiyo.

"Mpeleke karibu kidogo, baba."

"Obuya anakaa hapo."

"Lakini—"

"Nimesema anakaa hapo, nyathina, mwanangu."

Niliona ni upungufu wa akili, kusema kweli. Kila roboti akiangusha adui hupata pointi na kupanda daraja. Chacha alikuwa daraja la ishirini na kitu, Obuya alikuwa amekwama kwenye sita. Kwa hesabu zangu baba alikuwa anamdhulumu. Alimwona mnyonge, basi akamfanya mnyonge.

Siku ambayo mama alimpeleka baba hospitalini kubadilishwa plasta, niliachwa na jirani, na kimashine nikaachiwa. Nilianza vita vipya peke yangu. Nilipanga kumfurahisha. Ningemwonyesha Obuya wa daraja la kumi.

Nilicheza kama nilivyofundishwa. Nilimwacha Masanja amchoshe adui mmoja mpaka abaki na uhai kidogo, kisha nikamtoa Obuya pale melini, nikamvusha vyumba vitano, nikampigisha kwa kile kibastola chake. Asilimia sabini na nane. Akapata. Adui akapasuka, Obuya akapanda madaraja mawili kwa mpigo, nami nikaruka nikamwambia jirani, ambaye hakujua naongea nini.

Kisha ikawa zamu ya adui. Watatu waliobaki waligeuka wote pamoja, kana kwamba walikuwa wanamngoja huyo huyo tangu gemu ianze. Wa kwanza akampiga. Wa pili akampiga. Wa tatu sikuangalia. Uso wa mwendeshaji ulitokea, kijana mnene kidogo mwenye miwani, akasema kitu kifupi, halafu ukajaa mchanga mweupe ukazimika. Vita nilivishinda. Mwishoni mashine ikauliza swali lenye majibu mawili, nikabonyeza la kwanza kwa mazoea. Ikahifadhi.

Waliporudi nilikuwa mlangoni. Baba alikuwa anapanda kizingiti, gongo moja ndani, moja nje, plasta mpya imeishia chini ya goti. Sikumpa hata nafasi ya kuketi.

"Baba, Obuya amekufa."

Mama, aliyekuwa nyuma yake na mfuko wa dawa, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Nani amekuambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Umeona wapi? Awuor! Ni nani amekuja hapa?"

"Hakuna mtu amekuja. Ni mimi nimemtuma mbele. Nilitaka apande daraja." Nikaanza kulia. "Kwa gemu, mama. Amekufa kwa gemu."

Mama akaweka mfuko wa dawa chini. Nilidhani wamekasirika kwa sababu nilicheza bila ruhusa. Baba akaingia, akaketi, akaweka magongo chini moja moja, akanyoosha mkono. Nikampa kimashine. Akakiwasha, akafungua vita vilivyofuata.

Na Obuya alikuwepo. Amesimama kwenye mstari na wenzake, kijani chake kile kile, uhai umejaa. Kumbe katika gemu ile roboti wako akiharibiwa hutengenezwa baada ya vita, unakatwa tu pesa za mchezo. Nilichungulia juu ya bega la baba nikaona akiba yetu imepungua, na Obuya mzima kabisa.

"Amerudi! Baba, tazama, amerudi!"

Baba alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama asilimia yoyote. Halafu akabonyeza kitufe cha kuzima, na machozi yakamtoka, hakuyafuta. Nilikuwa sijamwona mtu mzima wa kiume akilia. Nikamshika mkono nikamwambia kitu pekee nilichofikiri ndicho kinachomliza.

"Zile pesa zitarudi, baba. Tutapigana vita viwili tu."

Yeye akamgeukia mama. "Nataka kwenda Kisegi."

"Na mguu huo?"

"Na mguu huo."

Jioni ile mama aliniita jikoni, akawa anakata sukuma wiki na kuniambia bila kunitazama. Baba hakuanguka. Ukuta wa shimo uliporomoka. Yeye alikuwa nusu ya njia, anashuka kumpelekea mwenzake kamba, na mawe yakamvunja mguu. Mwenzake aliyekuwa chini hakutoka. Huyo alikuwa Obuya, wa Kisegi, na alizikwa kwao wakati baba amelazwa. "Sasa unajua," mama akasema. "Usimwimbie jambo hilo kila saa."

Niseme hapa kwamba gemu hatukuimaliza. Baba aliigusa mara chache baadaye, kisha betri ikavimba na mjomba akachukua kimashine akakifanya vipuri. Nimesikia watu wakibishana mtandaoni kama gemu hizo ni za wavivu, maana mtu anakaa tu anafikiri. Mimi najua mtu aliyezihitaji hasa kwa sababu hiyo. Zilimpa mahali ambapo hakuna kinachoporomoka mpaka umeamua, na ambapo watu waliotoka kila upande wanapangwa kwenye mstari, na unaweza kuwahesabu wote.

Mama hakuweza kuacha biashara, basi mimi ndiye niliyekwenda Kisegi na baba, nimebeba mfuko wa sukari, majani ya chai na khanga mpya. Nilikuwa nimemwuliza kama ataniadhibu, akasema hapana, atanitumia kama gongo la tatu.

Boma la Obuya lilikuwa juu kidogo ya soko, ziwa likionekana lote chini. Omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu kuukuu. Mjane wake, Mama Okoth, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, na alipotuona langoni hakulia kama nilivyokuwa nimeogopa. Alitutazama tukija, hatua na gongo, hatua na gongo, akatoa kiti kabla hatujafika.

Baba hakukiketia. Aliomba aonyeshwe kaburi kwanza. Lilikuwa upande wa nyumba, udongo bado umeinuka, msalaba wa mbao. Alisimama pale nami nikasimama, kichwa changu kikiwa chini ya mkono wake, uzito wake wote begani mwangu. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa ni jina la mtu aliyekuwa na bega, na mikono, na mlango huu nyuma yetu.

Tuliporudi akaketi. Akakataa chai.

"Shemeji, kuna neno nimekuja nalo," akasema. "Nikinywa chai kabla ya kulisema nitakuwa nimekuibia."

"Sema, Baba Awuor."

"Ile siku zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Tumbo lilinikaza tangu asubuhi. Sikumwomba. Yeye aliniona nimejikunja akasema, kaa juu, nitakwenda mimi. Nilipaswa kukataa. Sikukataa."

Mama Okoth alikuwa anapepeta omena kwenye ungo. Aliendelea mara mbili tatu, akauweka chini.

"Najua," akasema. "Mwita aliniambia siku ya mazishi."

Baba akainua kichwa. "Umejua siku zote hizi?"

"Nimejua. Nikasema atakuja, nikangoja. Kuna kitu nilitaka kukuuliza wewe, kwa sababu ndiye uliyekuwa naye asubuhi. Hao wengine nimewauliza hawajui." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Alikuwa amekula?"

Nilimwona baba akifikiri. Hakufikiri kama mtu anayetafuta neno la kumfariji mtu. Alifikiri kama alivyofikiri mbele ya kile kioo, bila kuharakisha, mpaka apate namba sahihi.

"Alikula," akasema. "Chapati mbili na maharagwe. Kisha mimi nikashindwa na zangu, kwa sababu ya tumbo. Akaniuliza, wewe huli? Nikasema sili. Akavuta sahani akazimaliza na zangu. Chapati nne. Akamwambia mama wa hoteli kwamba chumvi haitoshi."

Mama Okoth aliziba mdomo kwa mkono. Mwanzoni nilidhani ndiyo sasa analia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko.

"Chapati nne," akasema. "Na bado analalamika chumvi."

"Bado analalamika."

"Huyo ni yeye. Huyo ni yeye kabisa." Alicheka mpaka machozi nayo yakaja, akayaacha yaje. Halafu akasimama, akachukua birika, akammiminia baba chai, na safari hii baba akaipokea kwa mikono miwili. Mama Okoth akasema, "Hebu anza tangu mlipoamka. Usiruke kitu." Baba akaanza.